Babu wa Benchi: Nilimkataza mtoto asipige, tukashinda, na sasa sina raha

Shikamoo Babu,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Marekani, na huu ni msimu wangu wa pili nikiwa kocha wa timu ya besiboli ya watoto wa miaka tisa na kumi. Sikuomba kazi hii. Ligi ilituma ujumbe kwamba asipopatikana mzazi wa kujitolea, timu ya mwanangu itavunjwa. Nikainua mkono nikidhani nitakuwa mtu wa kufunga kamba za viatu na kugawa maji. Besiboli yenyewe nimejifunza ukubwani, kwa kukaa pembeni ya uwanja na kuuliza wazazi wenzangu maswali mpaka wakanichoka.

Timu ina watoto 12. Watatu wanaujua mchezo, sita wanajitahidi, na watatu wakiona mpira unakuja wanafumba macho. Msimu huu tumecheza mara saba, tumeshinda mara moja. Huo mmoja ndio unaoninyima usingizi.

Katika ligi yetu kuna kocha ambaye hajafungwa hata mara moja. Watoto wake dhaifu wana amri moja tu: gongo libaki begani. Wasipige chochote. Warushaji wa umri huu hawajui kulenga, kwa hiyo mipira minne mibaya hufika kabla ya straiki tatu (mipira mizuri aliyoiacha au mipungo aliyokosa, ambayo ikifika tatu inamtoa), na mtoto anatembea hadi besi ya kwanza bure. Akishafika pale, kila mpira unaomponyoka mdakaji, anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, ni ruhusa ya kukimbia: besi ya pili, ya tatu, nyumbani, yaani pale alipoanzia kupiga. Pointi imeingia na hakuna aliyeugusa mpira kwa gongo. Kwenye ulinzi, wale dhaifu anawaficha nyuma kulia, ambako mpira hufika mara chache, kwa zile auti sita (kutolewa kwa wapinzani sita) ambazo kanuni inamlazimisha, kisha anawaketisha. Na mpigaji wetu bora akiingia, anapewa besi ya bure makusudi ili mrushaji wao akutane na mtoto anayemfuata, ambaye ni mmoja wa wale wanaofumba macho.

Msaidizi wangu ni baba wa mrushaji wetu bora. Kila Jumamosi ananiambia, “Dada, huu ni mchezo wa akili. Wenzako wanacheza, wewe unafundisha.” Anataka mwanawe arushe kila mchezo, na anataka na sisi tuweke magongo begani.

Jumamosi iliyopita nilikubali. Awamu ya sita, ya mwisho, tumelingana, wawili wameshatolewa, besi zote tatu zimejaa, na zamu ni ya mtoto wangu namba 12. Msimu mzima hajagusa mpira. Nilimwita pembeni nikamwambia, “Usipunge gongo. Kwa lolote.” Akasimama kama mti. Mipira minne mibaya, besi ya bure, kila mkimbiaji akasogezwa besi moja, aliyekuwa besi ya tatu akarudi nyumbani, tumeshinda. Watoto walimrukia, wazazi wakapiga makofi, msaidizi wangu akanikumbatia.

Baadaye, wenzake walipokuwa wanavua viatu, yule mtoto alinijia gongo likiwa bado mkononi. Akaniuliza, “Kocha, mchezo ujao nitaruhusiwa kupiga?”

Babu, sikuwa na jibu. Baada ya wiki tatu tunaingia hatua ya mtoano, na kwenye kundi la WhatsApp wazazi wanasema hatimaye nimeamka. Je, nilikosea? Au ni kweli kwamba mbinu ni sehemu ya mchezo na mimi ndiye mwenye moyo laini kupita kiasi?

Kocha Asiye na Usingizi

*

Marahaba, mwanangu.

Umeniandikia ukurasa mzima, lakini mtoto wako amekushinda kwa kuuliza. Hakusema amefurahi wala amechukia. Alitaka kujua kama ile amri ni ya siku moja au ya siku zote. Tutarudi kwake.

Nianze na msaidizi wako, kwa sababu nusu ya maneno yake ni ya kweli, na ukiyatupa yote utamkosea yeye na kuukosea mchezo. Besiboli ni mchezo wa akili. Mpira unasimama, watu wanafikiri, mpira unarushwa, watu wanafikiri tena. Mtoto anayefundishwa kudaka, kurusha na kupiga tu, bila kuambiwa kwa nini mchezaji wa besi ya pili anasogea hatua tatu wakati huu na si wakati ule, amefundishwa mazoezi ya viungo. Kwa hiyo usije ukasimama mbele ya wazazi ukasema wewe ni wa kufundisha na yule kocha mwingine ni wa mbinu. Mbinu ni somo. Tena ndilo tamu kuliko yote.

Ninachouliza mimi ni hiki: anayefikiri ni nani? Kuna mbinu inayokaa kichwani mwa mtoto, naye anaiona nafasi na kuitumia. Kuna nyingine inakaa kichwani mwa kocha, na mtoto ni kijiti tu anachosogeza. Hizi mbili ukizitazama kutoka jukwaani zinafanana. Mkimbiaji ameiba besi, yaani amekimbilia inayofuata bila mpira kupigwa, makofi yamepigwa. Lakini mmoja alimwona mdakaji anauokota mpira kwa uvivu, akaamua. Mwingine alisikia “nenda!” akaenda.

Nisijifanye mtakatifu. Miaka mingi iliyopita nilikuwa na timu ya watoto wa miaka minane, na nilikuwa nimesoma mahali fulani ujanja wa mkimbiaji wa besi ya kwanza kujiangusha makusudi. Anajiangusha, mdakaji anaona windo rahisi, anautupa mpira kule, na mkimbiaji wa besi ya tatu anapita nyumbani. Nilimfundisha mtoto kuanguka. Aliufanya vizuri kuliko nilivyotarajia, mpaka akashika kifundo cha mguu na kukunja uso. Yule mdakaji wa upande wa pili akatupa mpira, tukapata pointi, na mtoto wa watu akavua kinyago chake akalia mbele ya wote. Aliyeutupa mpira ule alikuwa amefanya kila kitu alichofundishwa: ona mtu yuko chini, mtoe. Nilikuwa nimemshinda mtoto wa miaka minane kwa akili, nami nina ndevu. Sikujisifu jioni ile.

Lakini sikiliza sehemu ya pili. Miaka minne baadaye nilitumia ujanja uleule na watoto wa miaka 12, dhidi ya timu ya watoto wa miaka 12, na mdakaji wao akacheka, akaushika mpira, akamtazama mkimbiaji wa besi ya tatu hadi akarudi mwenyewe. Watoto wa pande zote waliongea habari ile wiki nzima. Ujanja haukuwa umebadilika. Kilichobadilika ni kwamba mara hii upande wa pili ulikuwa na uwezo wa kujibu.

Basi hicho ndicho kipimo changu, na sina kingine cha kisomi zaidi. Ikiwa mbinu inafanya kazi kwa sababu mpinzani amefikiri vibaya, fundisha na utumie. Ikiwa inafanya kazi kwa sababu mpinzani ana mkono wa miaka tisa, iache, maana mwaka kesho au wa keshokutwa mkono ule utakuwa umekua na watoto wako watabaki na ujanja uliokwisha muda wake.

Sasa tulichukue gongo la begani, maana hilo ndilo lililokuumiza.

Mtoto asiyepunga gongo anapata besi ya bure mara nyingi. Ni hesabu ya kweli, na ndiyo sababu yule kocha hajafungwa. Lakini mtoto huyo akifika miaka 11 au 12 atakutana na warushaji wanaolenga, na atakuwa amesimama pale misimu miwili akitazama. Kupiga mpira unaokuja kwa kasi hakufundishwi kwa macho peke yake. Mwili unataka mamia ya mipungo iliyokosea kabla haujapata mmoja uliokaa. Kila zamu ya gongo begani ni mipungo miwili mitatu iliyoibiwa, na mtoto dhaifu ndiye anayeibiwa zaidi, kwa sababu ndiye pekee anayepewa amri hiyo. Wale watatu wako hodari hukuwahi kuwakataza kupiga, au nimekosea?

Hata hivyo usije ukatoka hapa ukaenda kwenye kosa la upande wa pili, la kumwambia mtoto apige kila kitu kinachopita. Kuuacha mpira mbaya ni ufundi. Ni ufundi mkubwa. Tofauti ni ndogo kwa maneno na kubwa kwa mtoto: badala ya “usipige,” mwambie “unapiga, mpaka uuone ni mbaya.” Mwili wake unaanza safari ya kupiga kila mara, na jicho ndilo linalousimamisha. Jumanne hii mazoezini chukua mipira ya tenisi, simama karibu, hatua sita au saba, urushe polepole kutoka chini. Usimtake apige kwanza. Mtake aseme kwa sauti “ndiyo” au “hapana” mpira ukiwa bado hewani. Watoto wanaofumba macho hufumba kwa hofu ya kuumia, na mpira wa tenisi hauumizi. Baada ya mipira 30 ya kusema, mpe gongo aendelee kusema huku anapiga. Hapo umemfundisha mbinu na upigaji kwa pamoja, na ile “hapana” ikija kumpa besi ya bure itakuwa yake mwenyewe.

Na acha mazoezi ya foleni, nakuomba. Watoto 11 wamesimama, mmoja anapiga, kocha anarusha. Nimeyaona kila mahali. Katika saa nzima kila mtoto anapunga mara nane na kuchimba udongo kwa kiatu dakika 50. Gawa makundi matatu ya watoto wanne, omba wazazi wawili wasimamie, mmoja arushe mipira ya tenisi pembeni, mwingine aweke mpira juu ya kigingi. Mipungo itaongezeka mara tatu bila kuongeza dakika moja.

Kuiba besi nitapita haraka. Katika Little League, shirika kubwa la besiboli ya watoto, kwenye madaraja ya umri wa watoto wako, mkimbiaji haruhusiwi kuiacha besi mpaka mpira umfikie mpigaji, kwa hiyo wizi mwingi wa umri huu ni wa mpira uliomponyoka mdakaji tu. Mfundishe mtoto kutazama: umeponyoka mbali kiasi gani, mdakaji anainuka au bado amepiga magoti? Kisha mwache aamue, hata akiamua vibaya akatolewa. Wewe unayesimama pembeni ya besi ya tatu kuwaongoza wakimbiaji, kaa kimya. Najua ni vigumu.

Ile ya kumpa mpigaji bora besi ya bure makusudi, sitasema mengi. Kwa watu wazima wanaolipwa ni uamuzi. Kwa watoto wa miaka tisa ni kumwambia mtoto mmoja mbele ya wazazi wake wote kwamba tumekuchagua wewe kwa sababu ya udhaifu wako. Usiifanye. Wakikufanyia, mwambie mtoto anayefuata, “Wamekuchagua, na wewe unapunga,” basi.

Suala la nyuma kulia lina kona ambayo makocha wenye moyo mwema kama wako huigonga. Unasikia watoto wasifichwe, unaamua kila mtoto acheze kila mahali, unamweka anayefumba macho kwenye besi ya kwanza, na mchezaji hodari wa kwako mwenyewe anamrushia mpira wa nguvu usoni. Hapo hujamheshimu mtoto, umemhatarisha. Besi ya kwanza, mdakaji na mrushaji ni nafasi ambazo mtoto anastahili kwanza mazoezini, kwa mpira laini, kisha kwa mpira wa kawaida, kisha mchezoni. Besi ya pili, besi ya tatu, kushoto nyuma na katikati nyuma anaweza kuzunguka mapema zaidi. Andika kabla ya mchezo, ukiwa nyumbani na akili tulivu, nani atakuwa wapi katika kila awamu ya zile sita. Ukingoja uamue uwanjani huku mnafungwa, mkono wako utampeleka mtoto yuleyule nyuma kulia kila mara, hata kama moyo haukutaka.

Zile auti sita za ulinzi na zamu moja ya kupiga kwa kila mtoto ambazo kanuni ya Little League inadai ni kiwango cha chini kabisa, awamu mbili tu kati ya sita. Kocha anayezihesabu kwa vidole ili amtoe mtoto kwa wakati hajavunja kanuni. Ameisoma kama mwanasheria.

Na utazame tarehe za kuzaliwa za hao watatu wako. Kwa miaka mingi ligi za vijana za besiboli Marekani zilikata umri tarehe 31 Julai, hivyo aliyezaliwa Agosti alikuwa mkubwa kuliko wote katika kundi lake na wa Julai mdogo kuliko wote. Waliokuja kuhesabu wachezaji wa ligi kuu wazaliwa wa Marekani wakakuta wa Agosti ni wengi kuliko wa Julai. Sidhani Mungu anagawa vipaji kwa kalenda. Kuna watoto waliofichwa nyuma kulia wakiwa na miaka tisa kwa sababu walichelewa kuzaliwa miezi michache, wakachoka, wakaondoka. Huenda namba 12 wako ni mdogo kwa miezi 11 kuliko huyo mrushaji wenu.

Huyo mrushaji sasa. Hapa sina mzaha, na hata kama hukubaliani na yote niliyosema juu, hili nisikilize.

Baba yake anataka arushe kila mchezo. Tangu 2007 Little League inahesabu mirusho, haihesabu awamu, na kwa mtoto wa miaka tisa au kumi kikomo ni mirusho 75 kwa siku. Akifikisha 66 au zaidi anapumzika siku nne kamili. Akirusha 51 hadi 65, siku tatu. 36 hadi 50, siku mbili. 21 hadi 35, siku moja. Na akishafikisha mirusho 41 haruhusiwi kuhamia kuwa mdakaji siku hiyo, kwa sababu mdakaji naye anarusha mpira mchezo mzima. Weka mzazi mmoja mwenye daftari ambaye kazi yake ni kuhesabu tu. Asiwe baba wa mtoto.

Kikomo hicho kina tundu, na nadhani unalijua: hesabu hukaa ndani ya ligi moja. Ikiwa mtoto huyo anacheza na timu nyingine ya kusafiri mwishoni mwa wiki, hakuna anayejumlisha ila wazazi wake na wewe ukiuliza. Uliza. Mwaka 2006 ulichapishwa utafiti uliolinganisha warushaji vijana waliofanyiwa upasuaji wa bega au kiwiko na wale ambao hawakufanyiwa. Waliorusha kwa ushindani zaidi ya miezi minane kwa mwaka walikuwa na uwezekano mara tano zaidi wa kuishia kwenye meza ya upasuaji. Waliozoea kurusha wakiwa mkono umechoka, mara 36. Mpe baba yake namba hizo faraghani, si uwanjani mbele ya wanaume wenzake. Usimwambie kwamba anamtumia mwanawe. Mwambie kwamba wewe na yeye mnautunza mkono mmoja, na kwamba ili uutunze unahitaji kuandaa warushaji wengine wawili kabla ya mtoano. Mpe yeye kazi hiyo. Baba anayejua mchezo na hana kazi ya kufanya atakusumbua kila Jumamosi. Ukimpa watoto wawili wa kuwafundisha kurusha, atakuwa anakuja mapema kuliko wewe.

Labda utaniambia: Babu, haya yote ni mazuri, lakini tutafungwa. Inawezekana. Sitakudanganya kwamba kocha mwema hushinda mwishowe. Nimeona makocha wema wakifungwa kuanzia mwanzo wa msimu hadi mwisho. Ila kuna jambo ambalo watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington walilichapisha mwaka 1992. Waliwapa baadhi ya makocha wa ligi za watoto mafunzo mafupi: sifu juhudi, rekebisha kosa bila kufoka, usimwadhibu mtoto kwa kukosea. Wengine wakawaacha wafundishe kama kawaida yao. Msimu uliofuata, kwa makocha wa kawaida asilimia 26 ya watoto hawakurudi kucheza. Kwa waliopewa mafunzo, asilimia 5. Na kwa ushindi makundi hayo mawili hayakutofautiana. Haikuwa kwamba waliorudi walirudi kwa sababu wameshinda zaidi.

Ukisikia hivyo usimchukie yule kocha asiyefungwa. Huenda ni mtu mzuri aliyepewa kanuni zenye mwanya, akapita kwenye mwanya. Mwanya huzibwa na kikao cha ligi, si kwa wewe kumnunia. Msimu ukiisha nenda ukapendekeze mambo mawili. La kwanza, katika daraja hili, mrushaji akishatoa mipira minne mibaya, kocha wa timu inayopiga aingie amrushie mtoto wake amalizie zamu yake, badala ya besi ya bure. Ligi kadhaa hufanya hivyo kwa watoto wadogo, na gongo la begani hufa siku hiyohiyo. La pili, mkimbiaji asiibe nyumbani kwa mpira ulioponyoka; apelekwe na mpira uliopigwa. Ile kanuni ya kumaliza zamu ya timu ikishapata pointi tano katika awamu moja nadhani mnayo tayari, ni ya kawaida kwenye daraja la Minor, la watoto wa umri huu. Kama haipo, iombe nayo. Na usiende peke yako. Nenda na kocha mwingine aliyechoka, watakuwepo.

Ugomvi huu si wa kwako peke yako, tena ni wa zamani. Carl Stotz aliyeanzisha Little League kule Williamsport, Pennsylvania, mwaka 1939, akiwa na timu tatu tu, aliachana nayo katikati ya miaka ya 1950 akiona imekuwa kubwa na ya kibiashara kuliko alivyokusudia. Kama mwanzilishi alishindwa kuuamulia, mimi na wewe tusijipige sana vifua.

Wazazi wa WhatsApp wanasubiri uthibitishe kwamba umeamka. Usiwaandikie insha. Mimi ningetuma hivi, usiku wa Ijumaa ili wasipate muda wa kubishana:

“Habari za jioni wazazi. Kwa michezo iliyobaki, watoto wote wana ruhusa ya kupiga katika kila zamu. Tutafundisha kuchagua mpira, na wakikosea ni sawa. Kila mtoto atacheza angalau awamu moja karibu na besi, akishakuwa tayari kwa usalama wake. Hatuna mrushaji mmoja, tunaandaa watatu. Jumamosi nilimkataza mtoto mmoja asipige. Uamuzi ule ulikuwa wangu, na sitaurudia. Tuonane uwanjani.”

Wawili watatu watanuna. Mmoja atakuandikia pembeni kukushukuru, na huyo atakuwa mzazi wa mtoto wa nyuma kulia.

Umeniuliza kama ulikosea. Ulikosea, ndiyo, lakini kosa dogo kuliko unavyolibeba. Kushinda hakukuwa kosa. Hata ile hesabu uliyofanya haikuwa mbaya: besi zimejaa, mrushaji amechoka, mipira minne inatosha. Ungemwambia mtoto hesabu hiyo ukamwachia gongo, kungekuwa somo zuri kuliko yote ya msimu: “Mrushaji amechoka, mipira yake inakwenda juu. Ukiuona uko juu, uache. Ukiuona uko kiunoni, ni wako.” Angeweza kuacha minne na mkashinda vilevile. Angeweza kupunga na kukosa, na mkamaliza sare au mkafungwa. Huenda hata angeupiga.

Kabla ya mchezo ujao mtafute yeye kwanza, kabla ya mazoezi, kabla ya wazazi. Usimpigie magoti ukamwomba radhi kwa machozi. Watoto wa miaka tisa huogopa mtu mzima anayelia. Mwambie tu: “Uliniuliza swali, nikachelewa kukujibu. Jibu ni ndiyo.” Kisha mpange apige wa pili. Wapigaji wa mwisho kwenye orodha huambulia zamu mbili katika awamu sita, wa juu hupata tatu na wakati mwingine nne, na yeye ndiye anayezihitaji.

Mpe yule mzazi wa daftari ukurasa mwingine, aandike mipungo ya namba 12 tu. Mchezo ukiisha uniandikie idadi. Matokeo usiniambie mpaka nikuulize.

Babu